Bustani ya Kale Inauzwa: Nani Alipe, Alipe Lini, na Apate Haki Gani?

Kila mara bustani ya kale inapotangazwa kuuzwa, mjadala hufuata njia ileile. Kundi moja husema halmashauri inunue upesi kabla mjenzi wa maghorofa hajaiwahi. Kundi la pili huuliza ni kwa nini fedha za umma ziende kwenye maua ilhali mitaro imeziba na mapaa ya madarasa yanavuja. Madiwani hukutana, makabrasha hugawiwa, maneno kama hatifungani, ruzuku, tozo na wakfu hurushwa huku na huku, na mwananchi aliyekuja kusikiliza hutoka ukumbini akiwa na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo. Kosa si lake. Katika mjadala huo maswali matatu yamefungwa furushi moja: je, kununua ndiyo njia pekee ya kuilinda bustani, nani atoe fedha na azitoe lini, na nani ataitunza baada ya sherehe ya makabidhiano kwisha. Wasemaji hulijibu furushi zima kwa neno moja, ndiyo au hapana, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Si kila kiwanja chenye miti mikubwa huitwa bustani ya kihistoria. Mwaka 1981 wataalamu wa kimataifa wa urithi na wa usanifu wa mandhari walikutana Florence, Italia, wakatunga waraka unaojulikana kama Mkataba wa Florence. Waraka huo unaieleza bustani ya kihistoria kuwa ni utunzi wa usanifu na mimea ambao una maana kwa umma kwa sababu ya historia yake au sanaa yake, na unaitaja kuwa ni kumbukumbu iliyo hai. Neno "hai" lina uzito mkubwa katika suala la fedha kuliko wengi wanavyodhani. Jengo la mawe likifungwa miaka mitano, utalikuta pale pale, limeshika vumbi na pengine linavuja. Bustani haingoji.

Utazame ua wa misaipresi uliokatwa kwa mkasi kila mwaka tangu enzi za mababu. Kwa nje ni ukuta wa kijani, umenyooka kama uliopimwa kwa timazi. Ukipenyeza mkono ndani hukuti jani hata moja. Ni vijiti vya kahawia vilivyokauka, kwa kuwa mwanga haufiki huko. Ua huo ukiachwa misimu michache bila mkasi, matawi hutoka nje kutafuta mwanga na ukuta huanza kunenepa hadi kuziba njia. Mtunzaji atakaporudi kuukata hadi kwenye mstari wake wa zamani atafika kwenye ule ukavu wa ndani, na msaipresi hauchipui tena kutoka kwenye matawi yaliyokwisha kuzeeka. Kilichojengwa kwa miaka themanini kimepotea kwa miaka mitatu au minne ya kukosa mshahara wa mtu mmoja mwenye ngazi na mkasi. Mfano huu nimeuweka mwanzoni makusudi, kwa sababu mijadala mingi ya ununuzi huzungumzia bei ya ardhi na kumsahau mtu huyo.

Bei yenyewe huzua utata wake. Kiasi anachokitangaza mwenye mali si thamani, ni ombi. Thamani hupimwa na mthamini, naye swali lake la kwanza ni moja: sheria inaruhusu nini kufanyika juu ya ardhi hii? Ekari kumi zinazoweza kujengwa maghorofa na ekari kumi zisizoruhusiwa kuguswa ni mali mbili tofauti, hata kama zinapakana na udongo wake ni mmoja. Ndiyo maana wathamini wawili waadilifu wanaweza kuleta takwimu zinazopishana mara mbili au tatu: mmoja amehesabu bustani kama bustani, mwingine ameihesabu kama viwanja vya nyumba ambavyo bado havijapimwa.

Hapa kuna imani moja iliyoenea sana, nayo ni kwamba bustani ikishaandikwa kwenye orodha ya urithi imekuwa mali ya serikali, au walau haiwezi kuuzwa tena. Si hivyo. Kwa kawaida kuorodheshwa huzuia kubomoa au kubadilisha bila kibali; hakuhamishi umiliki, na mahali pengi hakumlazimishi mwenyewe kumwajiri hata mtunzaji mmoja. Kunachofanya ni kupunguza yale yanayoweza kufanywa juu ya ardhi, na kwa njia hiyo kuigusa bei. Jambo hilo linaleta kishawishi ambacho lazima kisemwe waziwazi. Halmashauri inayotaka kununua ndiyo hiyohiyo inayotoa vibali vya ujenzi, na inaweza kujaribiwa kubana vibali ili bei ishuke kabla ya yenyewe kufika mezani. Huo ni uonevu, hata kama lengo ni jema, na mahakama zinaweza kuubatilisha. Dawa yake si ngumu: wathamini huru wasiopungua wawili, na ripoti zao kuwekwa hadharani kabla ya kura.

Mwenye mali akikataa kuuza, hubaki njia nzito zaidi, yaani utwaaji wa ardhi kwa manufaa ya umma, ambapo serikali huchukua na kulipa fidia. Watu huitaja njia hii kwa wepesi, hasa pale mwenye mali anapokuwa tajiri asiyependwa. Historia inatutaka tuwe waangalifu. Ardhi iliyokuja kuwa Central Park mjini New York ilitwaliwa hivyo katika miaka ya 1850, na kati ya watu wapatao 1,600 walioondolewa walikuwamo wakazi wa Seneca Village, kijiji ambacho wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani weusi, baadhi yao wakiwa wamekwisha kununua viwanja vyao, na ambacho kilikuwa na makanisa na shule. Wenye viwanja walilipwa fidia, na wengi wao walilalamika kwamba haikulingana na mali yao. Bustani ile leo hupendwa na mamilioni, lakini deni la namna hiyo halimo katika daftari lolote la mwekahazina.

Mifuko miwili, na kwa nini pande zote mbili zina haki kidogo

Sasa tuje kwenye fedha. Bajeti ya serikali ya mtaa, popote ilipo, hugawanyika katika sehemu kubwa mbili. Kuna matumizi ya kawaida, ambayo hurudi kila mwezi: mishahara, umeme, mafuta ya magari ya taka, dawa. Na kuna matumizi ya maendeleo, ambayo hufanyika mara moja na kuacha kitu kinachodumu: daraja, jengo la shule, ardhi. Ni kama nyumbani. Chakula na nauli hutoka kwenye mshahara wa mwezi, lakini hakuna anayenunua kiwanja kwa mshahara wa mwezi mmoja. Hukopa, au huweka akiba, au huungana na ndugu.

Kwa sababu ya mgawanyo huo, anayesema "fedha za bustani zingeajiri wauguzi" amekosea nusu. Mahali pengi sheria huzuia mkopo wa maendeleo usilipe mishahara, na ruzuku iliyotolewa kwa ajili ya urithi haiwezi kuhamishiwa hospitali kwa sababu mtoaji hakuitoa kwa kazi hiyo. Ununuzi ukikataliwa, fedha hizo mara nyingi haziendi kwa muuguzi, hazipatikani kabisa. Lakini amepatia nusu ya pili, ambayo watetezi wa bustani hawapendi kuisikia: marejesho ya mkopo hulipwa kila mwaka kutoka kwenye mapato ya kawaida, na utunzaji nao hulipwa kutoka hukohuko. Kwa hiyo mwaka wa ununuzi bustani haimgusi muuguzi, ila mwaka unaofuata inaanza kukaa naye meza moja.

Mkopo wa aina hii mara nyingi huja kwa sura ya hatifungani. Hatifungani ni hati ya deni: halmashauri huiuza kwa watu, mabenki na mifuko ya pensheni, hupata fedha leo, na huahidi kuzirudisha pamoja na riba kwa miaka iliyotajwa. Tuseme bei ya bustani ni vipande 100, riba ni asilimia 5 kwa mwaka, na malipo ni sawa kila mwaka. Ukilipa kwa miaka 20, kila mwaka utatoa vipande 8 hivi, na mwisho utakuwa umetoa kama 160. Ukirefusha hadi miaka 30, malipo ya mwaka yatashuka hadi vipande 6 na nusu, lakini jumla itapanda hadi 195, yaani bustani moja kwa karibu bei ya mbili. Diwani anayesimama na kusema "mzigo wa mwaka ni mdogo" na diwani anayemjibu "tutalipa maradufu" wote wanasoma hesabu moja. Kila mmoja amechagua mstari unaomfaa.

Je, kukopa ni vibaya? Wengi wetu tumelelewa kuliogopa deni, na kwa mtu anayekopa ili ale, hofu hiyo ni ya busara. Kwa ardhi hali ni tofauti kidogo. Mtoto atakayecheza chini ya miti ile miaka 25 ijayo atakuwa mlipa kodi wakati huo, na hakuna sababu ya haki kwa nini walipa kodi wa mwaka huu pekee wamnunulie kivuli chake chote. Kukopa huwagawia mzigo watu wa nyakati zote watakaofaidi. Kanuni ambayo waweka hazina waangalifu huifuata ni kwamba deni lisiishi kuliko kitu kilichonunuliwa nalo, na ardhi haichakai. Kwa upande huo bustani ni dhamana bora kuliko gari la taka. Kosa kubwa ni kukopa pia kwa ajili ya utunzaji wa mwaka hadi mwaka, kwa kuwa majani yaliyofagiwa mwaka huu hayawezi kumnufaisha atakayelipa mwaka wa ishirini.

Kodi: mkono wa nani uingie mfukoni

Iwe kwa mkopo au kwa fedha taslimu, mwisho wa yote kuna mtu anayelipa, na hapa ndipo mbinu zinapotofautiana kweli. Njia ya kwanza ni kuongeza kidogo kodi ya majengo. Mfano unaoeleweka vizuri uko katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako sheria ya mwaka 2000 iliruhusu wakazi wa kila mji kupiga kura ya kujiwekea nyongeza isiyozidi asilimia 3 ya kodi ya majengo, na jimbo likaongezea kutoka mfuko wake. Fedha hizo haziruhusiwi kwenda popote tu inapotakiwa: angalau sehemu ya kumi kila mwaka ni ya maeneo ya wazi, sehemu ya kumi ya urithi wa kihistoria, na sehemu ya kumi ya makazi ya gharama nafuu. Ninaupenda mpangilio huo kwa sababu unawakalisha pamoja mtetezi wa bustani na mtetezi wa nyumba, badala ya kuwaacha wagombane kila bustani inapouzwa.

Njia ya pili ni kutoza mauzo ya ardhi na majengo. Kisiwa cha Nantucket, katika jimbo hilohilo, kilipata mwaka 1983 sheria ya kutoza asilimia 2 ya bei kila mali inapohamishwa, na makusanyo yakawa ya kununua ardhi ya wazi kwa umma. Mantiki yake ni nyepesi kuieleza: biashara ileile inayopandisha bei ya ardhi na kutishia maeneo ya wazi ndiyo inayotoa fedha za kuyanunua. Udhaifu wake nao ni mwepesi kuuona, kwani soko likilala, mfuko nao hulala.

Njia ya tatu ni kuwatoza zaidi majirani wa bustani, kwa hoja kwamba viwanja vyao vitapanda thamani. Hivyo ndivyo ilivyofanyika Central Park, ambako karibu theluthi moja ya gharama ya ardhi ilibebeshwa wenye mali walioizunguka. Hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa nyumba inayotazama miti huuzwa kwa bei nzuri kuliko nyumba inayotazama ukuta. Lakini anayepanga chumba hafaidi kupanda kwa thamani ya nyumba. Yeye hupandishiwa kodi ya pango. Baraza linalochagua njia hii bila kuwawazia wapangaji litakuwa limewapa bustani watu watakaolazimika kuhama kabla hawajaizoea.

Mapato ya bahati nasibu pia hutumika. Jimbo la Colorado tangu mwaka 1992 huelekeza sehemu yake kwenye maeneo ya wazi, na Uingereza tangu katikati ya miaka ya 1990 imezikarabati bustani nyingi za umma kwa fedha za aina hiyo. Hakuna anayelazimishwa kucheza, ni kweli, ila mara nyingi ni maskini ndiye anayetoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kwa tiketi hizo, na hilo lisifichwe nyuma ya picha za maua.

Michango, na mtu wa kati anayeshika mali

Changizo huamsha moyo wa watu, na kuna bustani ambazo zisingekuwapo bila hilo. Hata hivyo, fedha za wafadhili mara nyingi huja na sharti la kulinganisha: mfadhili hutoa kimoja endapo wewe utatoa kingine. Wakosoaji husoma habari ya "ruzuku imepatikana" wakadhani kazi imekwisha, kumbe nusu ya pili haijaonekana na tarehe ya mwisho inakaribia. Muuzaji naye ana saa yake. Warithi wanataka kugawana, mjenzi amekwisha kuweka hundi mezani, na halmashauri bado inasubiri kikao cha robo mwaka.

Kwa pengo hilo zimezaliwa taasisi za kununua na kushikilia. Ni kama jirani mwenye uwezo anayekununulia kiwanja leo kwa jina lake ili kisikuponyoke, akakupa muda hadi fedha zako zitimie. Trust for Public Land, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1972, hufanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 1999, jiji la New York lilipopanga kuzipiga mnada bustani 114 za vitongojini zilizokuwa zimelimwa na wakazi kwenye viwanja vya jiji, taasisi hiyo ilinunua 63 na taasisi nyingine, New York Restoration Project, ikanunua 51, jumla ikiwa dola milioni 4.2. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: safari hiyo muuzaji alikuwa serikali yenyewe. Kwa hiyo ile imani kwamba kitu kikishakuwa mali ya umma kimesalimika milele haina msingi. Baraza la leo linaweza kununua, na baraza la miaka 40 ijayo, likiwa na njaa ya fedha, likauza.

Wapo pia wanaopendekeza halmashauri inunue bustani yote kisha iuze kipande cha pembeni ili kurudisha gharama. Si wazo geni. Birkenhead Park, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1847 na kuhesabiwa kuwa bustani ya kwanza kujengwa kwa fedha za umma, ilifanywa hivyo: wasimamizi wa mji walinunua ekari 226, wakatenga 125 kwa ajili ya watu wote, na viwanja vya kandokando vikauzwa kwa nyumba. Ila pale bustani ilikuwa bado karatasini, na msanifu wake, Joseph Paxton, angeweza kupanga nyumba na miti kwa pamoja. Bustani ya kale imekwisha kutungwa. Kipande kinachoonekana kama pembe isiyo na kazi huenda ndicho mwisho wa mandhari ambayo njia kuu yote imenyooshwa kuielekea, na ukijenga hapo hujauza sehemu ya kumi ya ardhi. Umeziba jicho la nyumba nzima. Anayependekeza njia hii aende kwanza asimame langoni, atazame njia inaishia wapi.

Utunzaji, ambao ndio mjadala halisi

Nimesema bustani haingoji. Swali la nani ataitunza linapaswa kujibiwa usiku uleule wa kura ya ununuzi, wala si baadaye, kwa sababu baadaye hakuna mwandishi wa habari ukumbini na hakuna bango getini. Fedha za kununua hupatikana kwa msisimko. Fedha za kufagia hazina msisimko wowote.

Jibu linalotolewa haraka ni viingilio. "Bustani itajilipia," husemwa. Ipo mifano inayolipa jibu hilo nguvu. Huko Sintra, Ureno, kampuni ya umma iliyoundwa mwaka 2000 kusimamia bustani na majumba ya kihistoria, ikiwamo Monserrate ambayo serikali iliinunua mwaka 1949, huendeshwa hasa kwa mapato ya tiketi bila kutegemea bajeti ya taifa. Lakini Sintra ni eneo la Urithi wa Dunia lililo jirani na mji mkuu na linalojaa watalii. Bustani ya mji wa kawaida haina mkondo huo wa wageni. Tena mwaka 2020, malango yalipofungwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19, waliotegemea tiketi walikosa mapato huku nyasi zikiendelea kuota kama kawaida. Liko pia suala la haki: mkazi aliyechangia ununuzi kupitia kodi yake akitakiwa kulipa tena mlangoni, atauliza alinunua nini hasa, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Jibu gumu zaidi, na kwa maoni yangu lililo bora, ni wakfu. Neno tunalijua: mali iliyotengwa isiuzwe wala kutumiwa yenyewe, ila matunda yake yatumike kwa jambo lililotajwa. Ni ng'ombe anayekamuliwa bila kuchinjwa. Katika fedha, kiasi kikubwa huwekezwa na sehemu ndogo tu ya thamani yake huchotwa kila mwaka, tuseme asilimia 4, ili msingi usiliwe na mfumuko wa bei. Hesabu yake inatisha kidogo: kama utunzaji wa mwaka unahitaji kipande kimoja, wakfu unahitaji vipande 25. Ndiyo maana wakfu hujengwa polepole, na mara nyingi kwa ushirikiano. Central Park ilikuwa imechakaa vibaya katika miaka ya 1970, mali ya umma isiyo na mtunzaji wa kutosha, hadi mwaka 1980 ilipoundwa Central Park Conservancy, taasisi isiyo ya faida ambayo leo huchangisha sehemu kubwa ya fedha za kuihudumia, huku jiji likibaki mwenye mali. Ushirikiano huo una bei yake: bustani iliyo karibu na matajiri hupata wafadhili, na iliyo mbali nao husubiri.

Kuna gharama nyingine ambayo kabrasha nyingi huiruka. Kama mwenye mali wa sasa analipa kodi ya majengo, siku halmashauri inaponunua, kodi hiyo hukoma, kwa kuwa serikali haijitozi yenyewe. Mstari huo uandikwe kwenye hesabu hata kama ni mdogo, maana ukifichwa na kugunduliwa baadaye, hudhoofisha imani kwa mistari mingine yote.

Kulinda bila kununua

Limebaki lile swali la kwanza. Umiliki ni kama fungu la funguo: upo wa kuingia, upo wa kujenga, upo wa kukodisha, upo wa kuuza. Mara nyingi umma unahitaji funguo mbili tu, wa kuingia na wa kuzuia ujenzi, na funguo mbili ni rahisi kuliko fungu zima. Halmashauri inaweza kumlipa mwenye bustani ili aandikishe kwenye hati ya ardhi sharti la kutojenga, litakalomfunga yeye na kila atakayenunua baada yake. Inaweza kupewa haki ya kuwa wa kwanza kuulizwa siku mali ikiuzwa. Inaweza kukodi kwa muda mrefu. Mtu asome tu maandishi madogo: chuo kikuu cha UCLA kilipouza bustani yake ya mtindo wa Kijapani mjini Los Angeles mwaka 2016, mnunuzi alifungwa na sharti la kuihifadhi kwa miaka 30. Miaka 30 kwa bustani ni ujana.

Wakati mwingine umma una haki ambayo hata hauijui. Katika karne ya 19 wakazi wa Roma walikuwa wamezoea kutembea katika bustani ya Villa Borghese, mali ya ukoo wa kikabaila wa Borghese. Mwaka 1885 malango yalifungwa, na manispaa ikaenda mahakamani. Mwaka 1887 mahakama ya juu iliamua kwamba matumizi ya muda mrefu yaliwapa watu haki ya kuingia, ingawa ardhi haikuwa yao. Miaka hiyohiyo Villa Ludovisi, bustani tukufu iliyokuwa jirani, ilikatwa viwanja na kujengwa mtaa. Villa Borghese ilinunuliwa na taifa mwaka 1901 na kukabidhiwa jiji mwaka 1903. Kabla ya kuuliza bei, basi, inafaa wazee waulizwe na kumbukumbu zifunuliwe: ni nani wamekuwa wakipita hapa, tangu lini, na kwa ruhusa ya nani?

Mfano ninaourudia kila ninapofikiria jambo hili ni wa bei ndogo kuliko yote. Bustani ya mimea ya tiba ya Chelsea, London, ilianzishwa mwaka 1673 na chama cha wauza dawa, juu ya ardhi ya kukodi. Kufikia miaka ya 1720 chama hakikuwa na uwezo wa kuiendesha kwa uhakika, na ardhi ilikuwa imeangukia mikononi mwa daktari Hans Sloane. Mwaka 1722 Sloane aliwakodishia milele kwa pauni 5 kwa mwaka, kwa sharti kwamba ibaki kuwa bustani ya mimea ya tiba, na kwamba kila mwaka wapeleke katika chama cha wanasayansi cha Royal Society mimea 50 iliyokaushwa, ya aina tofauti, hadi itimie 2,000. Sharti la mimea lilimlazimisha mtunzaji alime kweli, kwa kuwa mimea 50 haikaushwi kutoka kwenye shamba lililoachwa. Chama kile kiliiachia bustani mwaka 1899, ikachukuliwa na wadhamini wengine, na mwaka 1983 ikafunguliwa kwa watu wote. Ardhi imezungukwa na baadhi ya mitaa yenye viwanja ghali kabisa duniani, na bado inalimwa mimea ya tiba.